Mkono wa Kushoto wa Anitha

Mwezi wa Machi zililetwa kwenye klabu ya gofu glovu sita nyeupe za timu ya wanawake, na ilipofika Juni boksi lilikuwa na nne. Wakaanza kumtafuta mtu wa kulaumiwa, na kumpata hakukuwachukua hata siku mbili.

Dorkasi Ndahani alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Kibaigwa, nyuma ya maghala ya mahindi, akaja Dodoma mjini kutafuta kazi, akapata ya kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu kwenye uwanja ulio nje ya mji, ukishapita mashamba ya zabibu. Ni uwanja wa mashimo tisa tu. Kiangazi ardhi yake inakuwa ngumu kama sakafu, na kuzunguka mashimo hakuna majani, kuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiuchukue. Miaka saba Dorkasi alitembea nyuma ya watu akiwaangalia mikono. Wachezaji wakishaondoka, alichukua fimbo iliyotupwa, akapiga mipira iliyochubuka, akaifuata, akaipiga tena.

Kocha wa klabu, Raphael, ndiye aliyemwona. Ilikuwa Novemba. Alisimama kando mpaka mipira ikaisha, halafu akafungua mfuko wake mwenyewe na kutoa glovu mpya ya mkono wa kushoto.

"Vaa hii. Ni ngozi ya kondoo, laini sana. Wengine inawachanikia ndani ya wiki tatu. Tuone wewe."

Ikapita Novemba, ikapita Krismasi, ikaja masika. Dorkasi alipiga karibu kila siku na glovu haikuchanika. Aliianika kivulini, akaikunja kwa kufuata mikunjo yake, lakini siri haikuwa kwenye kuitunza. Aliishika fimbo kwa vidole, si kwa kiganja, na aliishika kama mtu aliyebeba kifaranga. Fimbo haikucheza mkononi mwake, na kitu kisichocheza hakisagi ngozi. Raphael akampeleka kwenye timu ya wanawake. Mbeba mifuko kuingia kwenye timu lilikuwa jambo la kwanza tangu klabu ianze, na Agosti ingekuwa zamu ya Dodoma kupokea mashindano ya wanawake, klabu tano.

Basi glovu mbili zikapotea, na mtu pekee kwenye timu aliyeonekana na glovu nyeupe ya aina ileile, safi kama imetoka dukani, alikuwa yeye.

Kamati ilikaa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Stanley Chilongani, mkandarasi wa barabara, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kutiiwa na wengine. Kulikuwa na Bwana Praful, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na wajumbe wengine watatu, na Raphael amekaa mwishoni karibu na dirisha. Dorkasi hakupewa kiti.

"Hii glovu umeipata wapi?" Stanley aliuliza. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole viwili.

"Nilipewa na kocha, mwenyekiti. Novemba."

"Novemba." Aliwageukia wenzake. "Miezi minane. Na unapiga kila siku?"

"Karibu kila siku."

Stanley alifungua mkoba wake akatoa glovu tatu, akazitupa mezani moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimetoboka mahali pamoja: chini ya kiganja, ile sehemu nene upande wa kidole cha mwisho. Moja ilikuwa imechanika na kwenye dole gumba.

"Hizi zangu. Mimi nacheza mara mbili kwa wiki, na hii haikufika hata mwezi. Wewe unacheza kila siku miezi minane, yako haina hata alama. Tueleze."

Angeweza kusema hajui. Baadaye alilifikiria hilo mara nyingi. Lakini alikuwa ameulizwa jambo analolijua kuliko kitu kingine chochote duniani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ni mshiko, mwenyekiti. Fimbo wewe unailaza kwenye kiganja. Ikilala pale haikai, kwa hiyo unaiminya ili isikutoke. Ukifika juu inachomoka kidogo, ukishuka unaidaka tena. Kila pigo inakusugua hapo hapo. Na hilo dole gumba unalinyoosha mno, ndiyo maana pamechanika. Glovu haina kosa. Mimi naishika kwa vidole."

Halafu Bwana Praful akacheka. Hakucheka kwa ubaya, kicheko kilimtoka tu, kwa sababu miaka kumi alikuwa ameiona mipira ya Stanley ikipotelea kwenye miiba upande wa kulia na hakuwahi kusikia mtu akieleza kwa nini. Mjumbe mwingine naye akainamia kikombe chake cha chai, mabega yakimtikisika.

Stanley hakucheka. Aligeuka taratibu.

"Kocha. Wewe ulimpa?"

Raphael alikuwa na chumba pale pale klabuni, yeye na mke wake na mtoto mchanga. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi unaofuata na wa kuusaini alikuwa Stanley. Dorkasi alimwangalia. Yeye aliangalia nje.

"Sikumbuki, mwenyekiti."

"Hukumbuki kama ulitoa glovu mpya?"

"Nimewahi kutoa vitu vingi. Hii... sikumbuki."

"Kocha," Dorkasi alisema. "Ulisema ngozi ya kondoo. Ulisema tuone wewe."

Raphael alifumba macho, akayafumbua, akaendelea kutazama nje.

"Basi," Stanley alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imechangamka. "Tusimwonee. Anasema mshiko wake hauli glovu. Atuonyeshe. Apige mipira mia, halafu tuiangalie hiyo glovu."

Wakatoka nje na viti vyao. Chai ikaletwa kivulini. Ilikuwa saa sita, jua la kichwani na upepo wa vumbi, na Dorkasi alipiga mipira mia moja mbele ya watu waliokuwa wanakula sambusa. Katikati Stanley alimwambia avue viatu kwa kuwa navyo huenda ni vya klabu. Akavua. Alikanyaga mbigili, akainama akaing'oa, akaendelea. Hakukosa mpira hata mmoja. Yote ilikwenda ikaangukia karibu karibu, kama mbuzi waliolala pamoja. Ilipofika sabini hakuna aliyekuwa anaongea tena.

Alipomaliza alivua glovu akampa mwenyekiti kwa mikono miwili. Alikuwa na uhakika. Ilikuwa imeingia jasho kidogo, basi, pale chini ya kiganja pakiwa pazima kabisa.

Stanley aliigeuza huku na huku. Akaipitisha kwa wajumbe, kila mmoja aione. Kisha akasema:

"Mmejionea. Bado ni mpya. Ndicho nilichokuwa nasema."

Bwana Praful alikuwa anafuta miwani. Glovu ikarudishwa kwenye boksi kama mali ya klabu, Dorkasi akaondolewa kwenye timu, na kwa huruma ya kamati, hivyo ndivyo ilivyoandikwa, akaruhusiwa kuendelea kubeba mifuko.

Nafasi yake alipewa Anitha, binti wa mwenyekiti.

Anitha alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita, mrefu, mwenye haya, hajashika fimbo zaidi ya mara chache. Wiki iliyofuata Stanley alimkuta Dorkasi akifuta mifuko ya watu kwa kitambaa.

"Binti yangu utamfundisha wewe. Mna wiki sita."

"Kocha yupo, mwenyekiti."

"Nimesema wewe." Akasita kidogo, halafu akasema bila aibu yoyote, kama mtu anayeagiza soda: "Mfundishe kushika kama unavyoshika wewe."

Dorkasi alibaki ameshika kitambaa. Kwa hiyo Stanley alijua. Alijua siku ile kwenye kamati, alijua wakati mipira inaanguka, alijua wakati anasema bado ni mpya.

Hata hivyo, wiki ya kwanza alimfundisha vizuri. Haikuwa rahisi kumchukia Anitha. Alifika asubuhi mapema, akasema "Shikamoo, dada," akachukua mfuko wake mwenyewe kwa kuwa hakutaka abebewe, akaleta chapati zilizofungwa kwenye gazeti, na hakuanza kula mpaka Dorkasi ameanza. Dorkasi alimlazia fimbo kwenye mashina ya vidole, akamfunga kiganja juu yake, akamwambia asiiminye.

"Ukitaka kujua umeshika vizuri, usiangalie mpira. Angalia glovu. Ikianza kuchakaa hapa chini, fimbo inakuchezea."

Anitha alijifunza haraka. Siku ya tano mpira ulitoka kwenye fimbo yake kwa ule mlio mfupi, mkavu, ukaenda moja kwa moja. Aligeuka akicheka, akamkumbatia.

Siku ya sita walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakinywa maji, Anitha akasema bila kumwangalia:

"Dada, mimi najua hukuiba."

"Umejuaje?"

"Zile glovu mbili ziko kwenye gari la baba. Alizichukua zake zilipoisha. Ni ndogo kwake, moja imeshapasuka. Niliziona tangu Mei."

Upepo ulipita ukainua vumbi, wakafumba macho wote wawili.

"Na siku ya kamati ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Baba alitusimulia wakati wa chakula." Anitha alikuwa anazungusha kifuniko cha chupa. "Nilitaka kusema. Namwogopa, dada. Hujui akikasirika anakuwaje. Nisamehe."

Akilini Dorkasi alikuwa anaona ile meza ya chakula, na hawa watu wakila, na baba akisimulia jinsi mbeba mifuko alivyopiga mipira mia bila viatu, na huyu binti ameketi pale na ukweli mdomoni, anatafuna wali.

"Hamna shida," alisema. "Inuka. Leo nakuonyesha mshiko wa mashindano. Ule wa mwanzo ulikuwa wa kujifunzia tu."

Akachukua mkono wa kushoto wa Anitha, akaivuta fimbo kutoka kwenye vidole mpaka katikati ya kiganja. Akalinyoosha dole gumba juu ya mpini hadi likafika mwisho.

"Sasa minya."

Anitha akaminya.

"Zaidi. Kama mtu anataka kukunyang'anya."

"Inauma, dada."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Wiki tano zilizobaki Dorkasi hakukosa hata siku moja. Alikuwa mwalimu mwenye bidii ambayo huwezi kuipata popote. Kila vidole vya Anitha vilipotaka kurudi mahali pake vyenyewe, maana mkono ukishaonja kilicho sahihi hausahau upesi, alivisukuma. Mipira ikaanza kukunja kulia. Glovu ya kwanza ikatoboka siku ya nane, mahali palepale.

"Dada, imechakaa hapa chini," Anitha alisema akimwonyesha. "Si ulisema..."

"Nilisema kwa wanaojifunza. Kwa mchezaji hiyo ni dalili ya nguvu. Vaa nyingine."

Ya pili ikatoboka, na ya tatu. Chini ya glovu ngozi ya kiganja ikavimba malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Wiki ya mwisho Anitha alikuwa anavua glovu polepole, kidole kimoja kimoja, akiuma mdomo, kwa sababu ilikuwa inagandana na kidonda. Dorkasi alimtazama akivua. Alimwambia apake chumvi ili pakomae, na Anitha akapaka. Raphael alipita siku moja, akaona mshiko ule, akasimama. Alimwangalia Dorkasi na Dorkasi akamwangalia. Kocha alikuwa ameshasainiwa mkataba. Akaenda zake.

Siku ya mashindano walikuja watu wengi. Mahema meupe yalifungwa, wageni kutoka klabu nne nyingine wakasalimiana, Stanley akavaa kofia mpya akazunguka kwa wakubwa akisema, "Mtamwona binti yangu." Dorkasi alibeba mfuko wa Anitha.

Mpira wa kwanza ulikwenda kulia, ukaingia kwenye miiba. Wa pili ulikwenda kulia. Kwenye shimo la tatu fimbo ilimzunguka mkononi kabisa, akapiga ardhi, vumbi likamrukia usoni, na watu wakacheka kidogo kwa adabu. Kwenye la tano hawakuwa na adabu tena. Walizunguka mashimo tisa mara mbili, na mzunguko wa pili damu ilianza kutokea kwenye tundu la glovu ikashuka kwenye mpini. Anitha alikuwa akiufuta mpini kwenye sketi kabla ya kila pigo. Kati ya shimo la kumi na tatu na la kumi na nne Dorkasi aliona vidole vyake vikijaribu kurudi, vikitafuta ule mshiko wa wiki ya kwanza, lakini vilikuwa vimevimba havikunjiki. Kama kuna wakati wa kusema kitu ulikuwa ule. Alimpa fimbo iliyofuata.

Wachezaji walikuwa ishirini na wawili. Anitha alikuwa wa ishirini na mbili, na wa ishirini na moja alimpita kwa mipigo thelathini na minane.

Stanley alimsubiri mbele ya hema kubwa, wageni wote wamekaa. Alimshika mkono wa kushoto akaivuta glovu kwa mkupuo mmoja. Anitha alipiga kelele. Ngozi ilikuja na glovu.

"Nini hiki? Wiki sita umefundishwa, ulikuwa unasikiliza nini?"

Bwana Praful alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aliiona glovu ile mkononi mwa mwenyekiti, tundu chini ya kiganja, dole gumba limechanika, na kwa mara ya pili mwaka ule kinywa chake kilimtangulia.

"Mwachie mtoto, Stanley. Huo mshiko si karithi kwako?"

Hema zima likaangua kicheko. Stanley akageuka akampiga binti yake kofi. Lilikuwa kofi la mkono mzima, lililosikika mpaka kwenye maegesho, na kofia ya Anitha ikaanguka. Kicheko kikakatika.

"Nani kakufundisha kushika hivi? Huyu alikufundisha hivi?"

Dorkasi alikuwa hatua nne nyuma, mfuko begani. Anitha aliinua macho akamwona. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba.

"Hapana, baba," alisema. "Alinifundisha vizuri. Mimi ndiye sikufuata."

Dorkasi akauhamishia mfuko bega la pili, akaliacha hilo jibu lisimame.

Baadaye Dorkasi alimkuta Anitha nyuma ya jiko la klabu, amechuchumaa kwenye bomba, maji yakipita kwenye kiganja. Alisimama pale asijue aiweke wapi mikono yake.

"Kwa nini hukumwambia?"

Anitha hakugeuka. "Nilijua tangu wiki ya tatu. Niliangalia video kwenye simu, watu wanavyoshika. Wanashika kama ulivyonionyesha mwanzo."

"Ukaendelea?"

"Nilikukosea, dada. Nilisema acha anitolee hasira zake. Nilidhani zikiisha utanirekebisha." Alifunga bomba. "Kila asubuhi nilikuja nikisema labda ni leo."

Kidonda kiliingia uchafu. Anitha alilazwa siku tisa, na kilipopona kidole cha mwisho na cha pembeni yake vilibaki vimejikunja, havinyooki. Baba yake hakutaka kumwona pale nyumbani akikumbushwa lile hema, akampeleka Mlali kwa bibi yake mzaa mama. Na msimu uliofuata, klabu ikiwa imechekwa vya kutosha, Stanley mwenyewe alimwita Dorkasi akamrudisha kwenye timu, bila kikao, bila neno lolote la glovu. Dorkasi alikubali. Alicheza Arusha, alicheza Morogoro, na Morogoro alishinda. Stanley alipiga picha naye, mkono begani kwake. Raphael alimpongeza, yeye akapita kama hajaona mtu.

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa mabichi, alikwenda Mlali. Hakutoa taarifa. Alimkuta Anitha shambani na bibi yake wakipalilia, jembe amelishikilia kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukilisindikiza tu.

"Shikamoo, dada," Anitha alisema. Akaja, akamtambulisha kwa bibi, akamleta nyumbani, akampa kiti na maji. Akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda, akamnawisha mikono mgeni wake kwa birika. Alikuwa mchangamfu. Aliuliza habari za safari, za mvua za Dodoma, za mama yake Dorkasi kule Kibaigwa.

"Anitha, nimekuja kwa sababu..."

"Ongeza mboga, dada. Hujala."

Wakala. Dorkasi akaanza tena, na Anitha akakumbuka ghafla ndama aliyezaliwa juzi, lazima mgeni amwone. Wakaenda kumwona. Pale zizini Dorkasi alimshika kiwiko.

"Niache niseme."

"Ana doa kwenye paji, umeona?" Anitha alisema, na kwa upole kabisa akakitoa kiwiko chake. "Bibi anasema atakuwa wa maziwa."

Hivyo hivyo mpaka saa tisa. Alimsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea maboga mawili kwenye mfuko, zawadi ya bibi. Walisimama wakisubiri gari. Pikipiki ilipita, Anitha akaisimamisha, akapatana na dereva kwa niaba ya mgeni, akamkabidhi ule mfuko.

"Asante kwa kuja," alisema. "Bibi amefurahi. Ila usije tena, dada."

Akampungia mkono wa kulia, akageuka, akarudi shambani kwa njia ya mkato kati ya mahindi.